Mchango Uje Kabla ya Ugonjwa

Sisi Wakenya tunajua kuchanga. Mtu akiugua saratani mtaani, hazipiti siku mbili kabla kundi la WhatsApp halijafunguliwa, mweka hazina hajateuliwa na namba ya paybill haijabandikwa chini ya picha ya mgonjwa, ile aliyopigwa zamani akiwa na mashavu. Majina yanaorodheshwa: mia mbili, mia tano, elfu moja. Akifariki, kundi lile lile linabadilishwa jina, linakuwa la mazishi, nasi tunaendelea kutoa. Sisemi tuache. Ninaomba sehemu ya pesa hizo na sehemu ya umoja huo vianze kazi mapema, mtu akiwa bado anaamka na kwenda shughuli zake. Iko saratani moja ambayo ukiiwahi, unaweza kuing'oa hata kabla haijawa saratani. Ni ile ya utumbo mpana.

Mara nyingi ugonjwa huu huanza na kinyama kidogo kinachoota ndani ya ukuta wa utumbo, au karibu na njia ya haja kubwa. Vinyama vingi vya aina hii hukaa bila kuleta madhara. Vichache hukua polepole na kugeuka, na mabadiliko hayo yanaweza kuchukua miaka kumi au zaidi. Muda wote huo kinyama kiko pale, kinaonekana kwa kamera, na daktari anaweza kukikata siku hiyo hiyo bila kumpasua mtu tumbo. Hata kikishageuka, bado kuna nafasi. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani hii ikipatikana kabla ya kutoka nje ya utumbo, wagonjwa tisa hivi kati ya kumi huwa hai miaka mitano baadaye. Ikishafika kwenye ini au mapafu, wanaobaki ni mmoja au wawili kati ya kumi.

Kwetu wengi wanafika hospitali wakati wa hali hiyo ya pili. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yalionyesha Kenya ikipata zaidi ya wagonjwa wapya 44,000 wa saratani za aina zote kwa mwaka, na vifo karibu 29,000. Saratani ya utumbo mpana imo kati ya tano zinazoongoza. Na si ya wazee peke yao, kwani wadi zetu zina wagonjwa wengi ambao hawajafika miaka 50. Mnamkumbuka Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Februari 2019 alijitokeza hadharani na kueleza kwamba ana saratani ya utumbo mpana, na kwamba imefika hatua ya nne. Alitibiwa Ufaransa, akarudi nyumbani, akafariki tarehe 26 Julai mwaka huo akiwa na miaka 41. Ulihitajika ujasiri mkubwa kwa mwanasiasa kutaja sehemu hiyo ya mwili mbele ya taifa zima. Mwezi ule nchi nzima ilizungumzia saratani, kwenye matatu, makanisani na misikitini. Kisha tukanyamaza.

Tunanyamaza kwa aibu. Mtu anaona damu chooni, anajiambia ni bawasiri, au pilipili, au ameba, anapita duka la dawa na kununua mafuta ya kupaka. Damu ikikoma wiki mbili, anamshukuru Mungu na kusahau. Bawasiri ipo kweli, na wengi wanaotoka damu ndiyo waliyo nayo. Hatari ni kuipa damu jina hilo kabla mtu yeyote hajaangalia. Basi tuambiane waziwazi dalili za saratani hii, mke kwa mume, mtoto kwa mzazi: damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kikawa kigumu au chepesi kuliko kawaida yako, au chembamba, kuhisi hujamaliza haja ilhali umemaliza, kukonda bila sababu, kuishiwa damu bila kujua inakokwenda. Hili la mwisho nalisisitiza kwa wanaume. Mwanamume aliyeambiwa damu yake iko chini asitosheke na vidonge vya madini ya chuma. Aulize inavujia wapi.

Na asiye na dalili yoyote? Huyo ndiye upimaji uliwekwa kwa ajili yake. Kipimo rahisi kinaitwa FIT, na hakina cha kutisha. Unapewa kichupa kidogo chenye maji maalumu, kifuniko chake kikiwa na kijiti. Unatandika karatasi ili choo kisiguse maji, unakwaruza kinyesi kwa ncha ya kijiti sehemu kadhaa, unarudisha kijiti ndani ya kichupa, unafunga, unatikisa, unaandika jina na tarehe. Basi. Hufungi kula wala huvuliwi nguo mbele ya mtu. Maabara inatafuta damu ya binadamu ambayo jicho halioni, kwa hiyo hata nyama uliyokula jana haiwezi kuwadanganya. Damu ikionekana, haimaanishi una saratani, na wengi wa wanaopata jibu hilo hawana. Inamaanisha sasa ni zamu ya kolonoskopi, ile wengi wanayoiita kamera: siku moja ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo, inayochosha kwa kweli, kisha dawa ya usingizi na mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya utumbo. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kupima kinyesi kunaokoa watu, na hilo lilithibitishwa zamani. Mwaka 1993 watafiti wa Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu zaidi ya 46,000. Waliopimwa kinyesi kila mwaka, tena kwa kipimo cha kizamani kuliko FIT, walikuwa na vifo pungufu kwa thuluthi moja kutokana na saratani hii.

Lakini mfano ninaotaka tuushike ni wa Delaware, jimbo dogo la Marekani. Watu weusi wa huko walikuwa wakifa zaidi kwa saratani ya utumbo mpana kuliko weupe, na wengi wakizoea kuona hivyo ndivyo dunia ilivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jimbo liliamua kulipia upimaji wa wasio na bima, likalipia na matibabu ya waliokutwa na ugonjwa, likaajiri wauguzi wa kuwafuata watu, kuwapigia simu na kuwashika mkono hadi siku ya kamera. Mwaka 2001 chini ya nusu ya watu weusi waliostahili walikuwa wamepimwa. Kufikia 2009 walikuwa karibu robo tatu, sawa na weupe. Vifo vyao vilipungua kwa asilimia 42, na pengo lile likakaribia kufutika. Hapakuwa na dawa mpya iliyovumbuliwa. Kilichofanyika ni watu kupimwa, na mtu mmoja kuhakikisha kila aliyepimwa anapata kinachofuata.

Hiyo kazi ya kufuatana tunaiweza. Chama kinachokutana kila mwezi kina daftari la wanachama na umri wao. Kiwe na ukurasa mmoja wa nani amepimwa lini. Sako, jumuiya ndogo ndogo, kamati ya msikiti na kundi la bodaboda wafanye vivyo hivyo, na watenge mchango wa kununua vipimo vya mwaka kwa wenye miaka 45 na kuendelea. Nchini Marekani umri wa kuanza ulishushwa kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua asingoje umri huo. Aanze akiwa na 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu yake aligunduliwa, yoyote itakayotangulia. Familia zimwambie. Wako watoto wasiojua baba yao alifariki kwa nini, maana msibani ilisemwa tu kwamba aliugua kwa muda mfupi.

Nina ombi jingine gumu kidogo. Kamera za utumbo ni chache nchini, na wataalamu wengi wako Nairobi. Tusiwapeleke wazima wote kwenye foleni hiyo kwa mkupuo, tukamsukuma nyuma mama anayetoka damu leo. Wenye dalili watangulie, kisha wenye historia katika familia, kisha waliokutwa na damu kwenye FIT. Kumpima mtu halafu kumwacha na jibu mkononi bila mahali pa kwenda ni ukatili.

Tusiwasahau waliopona. Wako kati yetu wanaoishi na mfuko tumboni wa kupokea kinyesi, baada ya sehemu ya utumbo kukatwa. Mifuko ile ni ghali, na asiyeimudu hufunga kitambaa au karatasi ya plastiki, ngozi inachubuka, harufu inamfungia ndani, anaacha kanisa, anaacha kazi. Huyu ndiye shahidi wetu bora kwamba ugonjwa huu hupona, nasi tumemficha. Mchango wetu umfikie na yeye, na tuidai SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ilipie mifuko hiyo kikamilifu, pamoja na kamera ya kumkagua tena mwaka mmoja baada ya upasuaji.

Yapo mambo ambayo chama hakiwezi kununua, na hayo yako kwenye bajeti ya kaunti. Sheria inataka makadirio ya bajeti yawe yamefika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na Katiba, kifungu cha 201, inataka umma ushirikishwe. Vikao vile mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache, wakaondoka na soda. Mwaka huu twende kumi kumi kutoka kila wadi. Tuulize, na tuandike majibu: hospitali yetu ya rufaa ina kamera ya utumbo inayofanya kazi? Nani anaitumia, na siku ngapi kwa wiki? Foleni yake ni ya miezi mingapi? Kuna pesa za FIT katika vituo vya afya, na za kuwapa vichupa hivyo wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari wanabeba mashine za presha na sukari nyumba kwa nyumba? Mwongozo wa taifa wa upimaji wa saratani wa mwaka 2018 unaitaja saratani hii, kwa hiyo hatuombi hisani. Tukijibiwa kwamba fedha hazipo, tumwombe mwakilishi wa wadi atuonyeshe ukurasa wa safari na vikao vya nje ya kaunti, tuusome pamoja naye papo hapo, kisha tuwasilishe memoranda yetu kwa karani wa bunge ikiwa na sahihi na namba za vitambulisho vya wote waliohudhuria.