Fedha za Masomo Zisiliwe kwa Mwaka Mmoja

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya fedha za masomo, ambazo wanachama wengi katika mkutano uliopita walitaka zigawanywe zote mwaka huu. Mimi nilikuwa katika wachache waliokataa, na kwa kuwa makelele yalitushinda siku ile, nataka hoja yetu isomwe kwa utulivu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, nasi ni watu wa hesabu. Tuseme mfuko una shilingi 12,000,000. Tukiwapa vijana 40 shilingi 300,000 kila mmoja, tutapigiwa makofi, na mwakani sanduku litakuwa tupu. Zikiwekwa katika hatifungani za Serikali, nazo zikazaa asilimia 10, tutapata 1,200,000 kila mwaka, yaani vijana wanne tu. Kweli itachukua miaka kumi kuwafikia wale 40. Wala sifichi ya kuwa bei hupanda, na kwa hiyo michango haina budi kuendelea. Walakini baada ya miaka hiyo mali ingali ipo, na kijana wa 41 ana mlango wa kubisha.

Wako wasemao ya kuwa haya ni mambo ya kigeni. Wapi! Wazee wa pwani waliweka wakfu mashamba na nyumba tangu zamani: shina haliuzwi, hutumika pato lake. Frederick Goff, mtu wa benki, alipoanzisha mfuko wa mji wa Cleveland, Marekani, mwaka 1914, alitaka pia baraza la wenyeji liweze kubadili matumizi haja za mji zikibadilika, ili matakwa ya marehemu yasiwafunge walio hai. Na wasemao kwamba maskini hawawezi kujenga elimu kwa mali yao wakumbuke Githunguri, Kenya, ambako Mbiyu Koinange alifungua chuo cha walimu mwaka 1939, na marika ya Wakikuyu yakashindana kuchanga. Chuo kile kilifungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952, wala si kwa uvivu wa wachangaji.

Wengine husema Serikali hulipa. Ni kweli ada iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, nasi twashukuru. Lakini ada si godoro, wala si nauli ya kwendea bweni, wala si randa na msumeno wa kijana ajifunzaye useremala. Na Bodi ya Mikopo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha; baadhi yetu twalijua deni lile kila tuonapo hati ya mshahara.

Sasa nafika penye uchungu. Katika vijana watano waliosaidiwa mwaka juzi, watatu walitoka katika nyumba za wanakamati. Mwaka huo huo barua ya binti wa mchuuzi wa samaki, aliyekwisha kupata nafasi katika chuo cha uuguzi, ilirudishwa bila kusomwa, kwa sababu baba yake si mwanachama. Mzee yule hajapata kutuuliza uanachama wetu tunapochukua samaki kwa mkopo tarehe 20. Binti yuko nyumbani hata leo. Je, mfuko huu ni wa vijana wa mji, kama tulivyoandika juu ya daftari la michango tulipowaomba wenye maduka fedha, au ni posho yetu ya pili?

Katika mkutano ujao nitatoa hoja hii: shina la mfuko lisiguswe, kila kijana wa mji aruhusiwe kuomba, barua zisomwe kwa namba, majina yakiwa yamefunikwa, mwanakamati ambaye jamaa yake ameomba atoke chumbani, na hesabu ibandikwe ukutani kila robo ya mwaka, hata kama imetuaibisha. Mwenye kuniunga mkono ampe katibu jina lake kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mwenye kunipinga naye aje, ila aje na hesabu yake.

Ni mimi,
Karani wa Masijala