Tarehe imetoka, nyimbo bado

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, lakini si mnajua tena wiki za test zinavyokuwa. Leo nimeweka desa pembeni kidogo niongelee jambo linalonikera, na limetokea humuhumu chumbani kwetu.

Mwenzangu wa room ni msanii. Simtaji jina, wa block yetu mnamjua, manake hata akifua mnamsikia. Jamaa anaimba, hilo sibishi. Juzi boom limeingia, na usiku huohuo kanionyesha posta kwenye simu: kavaa miwani ya jua usiku, jina la albamu kwa herufi za dhahabu, nyimbo 12, na tarehe ya kutoka. Imebaki mwezi na nusu. Nikamwuliza, "Kaka, nyimbo zilizoisha ni ngapi?" Akasema nne. Na katika hizo nne, moja bado haijafanyiwa miksi.

Tukapiga hesabu. Hela ya kujikimu ni 10,000 kwa siku, kwa hiyo boom la miezi miwili ni kama laki sita. Jamaa anataka laki nne zote ziende kwenye promo: kurasa za Instagram zinazoposti kwa malipo, na mtangazaji mmoja anayetaka "ya soda" ili wimbo ugongwe. Soda gani ya laki na nusu mimi sijui. Halafu akaniomba na mimi nimwongezee laki moja, atanirudishia albamu ikishatoka.

Ndo hapo nilipoanza kuongea, na sijanyamaza mpaka leo.

Maoni yangu ni haya: promo ni muhimu, lakini haina uwezo wa kuuza kitu ambacho hakipo. Siku hizi vijana tunaanza na tarehe, posta na kiki, halafu nyimbo zinatafutwa baadaye, usiku wa mwisho, kama assignment. Na wote tunajua assignment ya usiku wa mwisho inavyokuwa.

Mwenzangu akanijibu kwa jina kubwa. "Mbona Diamond anaanza na kelele?" Sawa, tumwangalie huyo Diamond. A Boy from Tandale ilitoka Machi 2018, ikazinduliwa Nairobi, nyimbo 20. Kelele zilikuwepo, tena kubwa. Lakini nyingi kati ya nyimbo hizo tulikuwa tunazijua tayari. Marry You aliyofanya na Ne-Yo ilitoka 2017, Hallelujah na Morgan Heritage 2017 hiyohiyo. Kuna watu walilalamika kwamba wameuziwa vitu wanavyovijua, na mimi siwashangai. Ila kitu kimoja hakuna wa kumlaumu nacho: siku anapiga kelele, mzigo ulikuwepo. Nyimbo zilikuwa zimeshafanya kazi yake miezi mingi kabla ya posta.

Chukua na Zuchu. Aprili 2020 ndo WCB wanamtambulisha kama msanii wao mpya, na mwezi huohuo EP yake ya I Am Zuchu yenye nyimbo saba ikawa hewani. Hatukuambiwa tusubiri. Ukisikia jina lake leo, kesho una nyimbo saba za kuamua kama unampenda au humpendi. Promo ya namna hiyo inauma, manake haimpi msikilizaji nafasi ya kusahau.

Na Ali Kiba je? Ali K 4Real ilikuwa 2009, Only One King ikaja Oktoba 2021. Piga hesabu mwenyewe, miaka 12. Alitanguliza chache kama Ndombolo na Jealous mwaka huohuo, halafu akashusha mzigo wa nyimbo 16. Simwambii mtu asubiri miaka 12, tutakuwa tumeshazeeka na mkopo bado tunadaiwa. Nasema tu kwamba huyu naye alikuwa na kitu mkononi.

Sasa room ya jirani kuna mtaalamu mwingine, yeye kaja na hoja ya upande wa pili. Anasema promo haina maana kabisa, kazi nzuri inajiuza, na mfano wake ni Beyoncé. Ni kweli, tarehe 13 Desemba 2013 Beyoncé alishusha albamu usiku bila tangazo, nyimbo 14 na vidio 17, ikauza zaidi ya nakala 600,000 Marekani peke yake ndani ya siku tatu. Lakini jamani, tuwe wakweli. Mwaka huohuo wa 2013, mwezi wa pili, alikuwa ameimba kwenye mapumziko ya Super Bowl, halafu akazunguka dunia na ziara. Mtu wa namna hiyo akinyamaza, ukimya wake wenyewe ni tangazo. Msanii wa block yetu akinyamaza, tutajua tu kwamba ana test.

Kwa hiyo kwa Beyoncé mimi sichukui ule ukimya. Nachukua mpangilio. Nyimbo zikaisha, vidio zote 17 zikaisha, ndo watu wakaambiwa. Hilo hata mtu wa laki sita analiweza, kwa kipimo chake.

Kuna kitu kingine nataka wasanii wenzetu wa kampasi mkifikirie. Kaka zetu walionunua Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay mwaka 2001 walinunua kaseti. Ukishauziwa kaseti, umeuziwa. Hata kama upande B ungekuwa mbovu, hela ilishakwenda, na ungeisikiliza tu kwa sababu kurudisha nyuma kulikuwa kunakula betri. Leo msikilizaji yuko YouTube au Boomplay. Wimbo ukimchosha, kidole kimoja tu, kaondoka. Hajapoteza hata shilingi, na hana sababu ya kurudi.

Maana yake ni kwamba zamani wimbo wa kujazia albamu ulikuwa hasara ya mnunuzi. Siku hizi ni hasara ya msanii. Laki nne za promo zinakununulia usikilizwe mara ya kwanza tu. Mara ya pili hainunuliki, hiyo inatafutwa studio. Sasa kama nyimbo nane kati ya 12 zimefanywa kwa mwezi na nusu, katikati ya test na UE, unalipia watu waje waone udhaifu wako. Si bora wasingekuja?

Najua mtaniambia, "Wewe si msanii, unajua nini?" Ni kweli, mimi naimba bafuni tu na maji yakikatika nanyamaza. Na mwenzangu ana hoja moja inayoniuma: anasema nyimbo zake tatu za mwanzo zilikuwa nzuri na hakuna aliyezisikia, kwa sababu hakuwa na hela ya kuzisukuma. Hapo sikuwa na jibu la haraka. Moja ya hizo nyimbo mimi naijua kwa moyo, na nje ya block hii haijulikani kabisa. Inaumiza, na ndo maana hawa wa "ya soda" wanatajirika kupitia vijana kama yeye.

Lakini hata hiyo haibadilishi hesabu. Nikamwambia afute ile tarehe. Aache nyimbo 12, atoe tano zilizoiva, aziite EP, wala hakuna aibu. Laki tatu zimalize nyimbo, laki moja isukume ule mmoja mkali, zilizobaki ale. Na laki yangu nitatoa, ila nampelekea prodyuza mkononi, simpi mtangazaji.

Akanuna. Kageukia ukutani mpaka sasa naandika, na najua hajalala kwa sababu mguu wake unapiga biti kwenye kitanda. Posta bado ipo kwenye status yake, kesho tutajua.

Wadau semeni, nimekosea wapi? Mimi narudi kwenye desa, kesho saa mbili nina test. Nawasilisha.