Udongo tunao, kiwanja ndicho hatuna

Kila mwisho wa Mei simu yako inageuka nyekundu. Unafungua Instagram, unapata mtu anateleza kwenye vumbi la Paris, soksi zimebadilika rangi, uwanja mzima unapiga makofi. Hiyo ni Roland Garros, mashindano ya tenisi yanayochezwa kila mwaka kwenye viwanja vya udongo. Fainali ya wanaume ya 2025 ilichukua saa 5 na dakika 29 kabla Carlos Alcaraz hajamlaza Jannik Sinner. Hakuna fainali nyingine ya huko iliyowahi kuchukua muda huo.

Sasa uangalie ule udongo vizuri, halafu ufikirie Korbesa.

Kama hujui Korbesa iko wapi, ni kaunti ya Isiolo, upande wa Merti, nchi ya Waborana na mifugo yao. Huko vumbi halilipiwi tiketi. Mtoto analikanyaga akienda shule, anachezea kandanda juu yake, anarudi nalo nyumbani kwenye nywele. Huyo mtoto anajua kukimbia kwenye udongo kabla hajaona raketi. Lakini raketi yenyewe ataionea wapi?

Utaambiwa tenisi ni mchezo wa wababi, watoto wa Korbesa wapewe mpira wa miguu na yaishe. Mimi nakataa, na sababu ninazo.

Kwanza, ule wekundu unaouona Paris ni unga wa matofali, unene wa milimita 1 au 2 tu. Chini yake kuna mawe, kokoto, mabaki ya makaa yaliyochomwa na mawe ya chokaa yaliyosagwa, jumla karibu sentimita 80. Ni mawe na udongo, basi. Na si lazima uige Paris. Afrika Kusini na Australia watu walishatengeneza viwanja vya tenisi kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu ukiusaga na kuushindilia unashikana vizuri. Nyika ya Isiolo haijawahi kukosa vichuguu.

Pili, angalia wanaoinuka wanatoka wapi. Angella Okutoyi, msichana wa kwanza Mkenya kushinda mechi ya vijana kwenye Grand Slam, Australia, Januari 2022, hakuzaliwa kwenye klabu. Mama yake alifariki akijifungua, akalelewa na nyanya aliyekuwa akifanya usafi katika Shule ya Msingi ya Loresho, Nairobi. Shule hiyo ya umma ilikuwa na tenisi, na hapo ndipo Angella alianzia. Julai mwaka huohuo yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi wakachukua taji la wasichana wawili-wawili Wimbledon. Mwaka wa 2024 akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Ondoa kiwanja pale shuleni, useme mwenyewe kama ungelijua jina lake leo.

Kama unaona Loresho ni Nairobi na hesabu yake ni tofauti, nenda Australia. Evonne Goolagong, wa jamii ya wenyeji asilia, alikulia Barellan, mji mdogo sana wa wakulima. Baba yake alikuwa akikata manyoya ya kondoo. Mkazi mmoja alimwona akichungulia kwenye ua wa viwanja vya tenisi, akamwambia aingie acheze. Mwaka wa 1971, akiwa na miaka 19, alishinda Roland Garros, na wiki chache baadaye Wimbledon. Binti wa kijijini, baba anafanya kazi ya mifugo. Si hiyo ni stori unayoijua?

Sisi hapa mashindano ya kulipwa ya udongo tunayaandaa, lakini milango yake ni ya klabu. Juni 2023 timu za wanawake za Afrika zilikuja Nairobi Club kucheza Billie Jean King Cup. Klabu hiyo ipo tangu 1901. Sina ugomvi nayo, viwanja imevitunza. Ugomvi wangu ni kwamba nje ya klabu kama hizo huoni kitu. Hebu hesabu shule za umma unazozijua wewe, zilizo na neti ya tenisi. Vidole vitabaki.

Najua kuna mtu ameshakasirika. Ng'ombe wanakufa kwa kiu na wewe unaleta tenisi? Ana haki ya kuuliza. Kaskazini mwa Kenya ilikosa mvua misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, na kiwanja cha Paris hunyweshwa maji kila siku. Mimi siwezi kuomba hata ndoo moja ya kisima cha Korbesa imwagwe kwenye mchezo. Ndiyo maana nasema udongo wa kichuguu, au murram, ushindiliwe wakati wa mvua, ufagiliwe kiangazi. Mpira utadunda vibaya siku zingine. Wacha udunde vibaya, mradi udunde.

Kiwanja chenyewe ni mita 23.77 kwa 10.97. Ongeza nafasi ya kukimbia, unafika mita 36 kwa 18. Uwanja mmoja wa kandanda unaweza kumeza karibu kumi za hivyo. Unahitaji pipa la kubingirisha lililojaa mchanga, chokaa ya mistari, neti, raketi chache na mwalimu mmoja aliyefundishwa. Ardhi ya shule ipo. Na kama ni ya jamii, wazee wa dedha wanaosimamia malisho wanaijua kila pembe.

Tena tangu Januari 2026 wanafunzi wa sekondari ya juu wanaweza kuchagua mkondo wa sanaa na michezo. Huwezi kumwambia mtoto wa Merti achague michezo, halafu umwachie filimbi na mpira uliotoboka. Huo ni mkondo wa karatasi.

Sidai Korbesa itazaa bingwa. Roland Garros ya 2025 ilimlipa hata aliyetolewa raundi ya kwanza euro 78,000, zaidi ya Sh10 milioni, na wanaofika huko ni wachache sana. Ninachodai ni mtoto apate kujua kama anaweza. Kwa sasa hajui, na sisi pia hatujui.

Kwa hivyo wewe wa Nairobi, Mombasa au Nakuru, ile raketi iliyolala juu ya kabati itoe. Na wewe wa Isiolo, 2027 wakija kuomba kura na jezi na mipira, pokea, kisha muulize MCA wako: kiwanja cha tenisi kwenye shule ya umma utajenga wapi, na lini? Akicheka, mkumbushe Loresho.