Ushauri nasaha siyo kushauriwa

Matokeo yameanza kubandikwa na huku hosteli kila korido ina msiba wake. Leo nina jambo linanikereketa, bora nilitoe.

Rumu meti wangu kapata sapu tatu. Tangu Jumatatu halali, hali, ukimwongelesha anajibu "niko poa". Nikamwambia twende kwa mshauri wa wanafunzi. Akacheka: "Atanishauri nini ambacho mzee hajanishauri kwenye simu?" Nikakosa jibu. Usiku nikawaza, nikaona tatizo linaanzia kwenye jina lenyewe.

Tumeiita kazi hii ushauri nasaha. Ushauri ni kuambiwa la kufanya. Nasaha nayo ni hivyo hivyo, ila kwa upole. Sasa mtu akisikia anapelekwa kwa mshauri nasaha, si anajua anaenda kuhubiriwa mara mbili? Hata mimi ningekimbia.

Ila mimi nimeshakwenda. Mwaka jana nilipofiwa na mama nilikaa na mshauri karibu saa nzima. Hakuniambia "jikaze", wala "yote ni mipango ya Mungu", maneno niliyokwisha kuyasikia msibani mpaka masikio yakachoka. Aliniuliza tu: "Mama ulikuwa unamwitaje?" Nililia pale kuliko siku ya mazishi, naye akaniacha nilie. Nilipokwenda mara ya tatu akauliza: "Katika yote uliyoyasema, lipi unaliweza wiki hii?" Nikasema kumpigia simu mdogo wangu, maana nilikuwa namkwepa. Nikapiga. Jibu lilikuwa langu, ndiyo maana nililitekeleza.

Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Ni kweli Mmarekani Carl Rogers ndiye aliyeivumisha njia hii. Mwaka 1957 aliandika kwamba mshauri anatakiwa awe mkweli, ampokee mteja bila masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kwa macho ya huyo mteja. Mtu akipata hayo, alisema, anaanza kubadilika mwenyewe.

Lakini hebu tuangalie Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na kina bibi 14 pale Mbare, Harare. Siyo madaktari, ni bibi wa mtaani waliopewa mafunzo, na ofisi yao ni benchi nje ya zahanati. Mwenye shida anakaa, anataja yanayomsumbua, anachagua moja, kisha wanatafuta pamoja hatua anayoiweza. Hatua ya kwanza wanaiita kwa Kishona kuvhura pfungwa, yaani kufungua mawazo. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliokaa kwenye benchi waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7. Kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 49.9. Sasa hao bibi nao ni Wazungu?

Sisemi ushauri hauna kazi. Kama hujui sapu inafanyika lini, uambiwe tarehe, usiulizwe unajisikiaje. Na mwenzako akitamka kwamba anataka kujiua, usimwache peke yake hata dakika moja, tafuta msaada papo hapo. Ninachosema ni kwamba wengi wetu maneno ya kuambiwa tunayo mengi mno. Baba kasema, mchungaji au shehe kasema, washkaji wa kijiweni wamesema. Wa kutuuliza halafu akanyamaza asubiri jibu ndiye haba.

Na sisi wenyewe tumo. Mimi nilipomwona rumu meti yuko vile, cha kwanza nilimwambia "usijali, sapu siyo disko". Nilijiona nimemsaidia, kumbe nimemfunga mdomo.

Jana nikajaribu upya. Nikamuuliza kipi kinamuuma zaidi. Siyo sapu, jamani. Ni kwamba mzee aliuza ng'ombe kumlipia ada. Siku tatu tunalala chumba kimoja na nilikuwa sijui! Nikamwambia, ukienda kule hutaambiwa kitu, utaulizwa kama hivi, tena na mtu aliyesomea. Kasema Alhamisi twende. Nitamsindikiza, nikae nje nimsubiri.

Nyie mnaonaje? Hii kazi tuiiteje?

Tuko pamoja.