Nani Ampokee Mwanafunzi Mpya?

Katika vyuo vikuu vya nchi yetu, wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kawaida huitwa chuoni mapema kuliko wenzao, ili wapate siku kadha za kuandikishwa, kugawiwa vyumba, kuonyeshwa maktaba na kumbi za mihadhara, na kuelezwa sheria za mahali. Kazi kubwa ya juma hilo haifanywi na maprofesa wala makarani. Hufanywa na wanafunzi waliotangulia. Wao ndio wanaosimama langoni, ndio wanaoulizwa choo kiko wapi, na ndio ambao mgeni huwatazama ili ajue watu wa hapa wanaishi namna gani.

Swali tunalotaka kulijadili ni hili: wanafunzi hao wachaguliwe kwa kipimo gani? Sisi tunashikilia kwamba kiongozi wa juma la mapokezi asichaguliwe kwa ufasaha wa kusema wala kwa kujulikana na wengi, bali kwa uwezo wake wa kufundisha. Yaani kumtambua mtu asiyejua, kung'amua asilolijua, na kumfikisha kwenye kujua bila kumwaibisha. Kwa sababu hiyo, ingawa jambo hili ni la vyuo vikuu, linatuhusu sana sisi wa vyuo vya ualimu.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi wa Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15, waliosomea katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mgeni wa siku hizo hakuhitaji kuundiwa halmashauri ya kumpokea. Kwa siku moja aliweza kuwajua walimu wake wote na wenzake wote. Chuo kikahamia mlimani mwaka 1964, kikawa chuo kikuu kamili cha taifa tarehe 1 Julai 1970, na leo kila mwaka kinapokea wanafunzi wapya kwa maelfu. Penye maelfu, mtu aweza kupotea katikati ya umati na asiwepo wa kuona kwamba amepotea.

Kupotea huko si jambo dogo. Mwaka 1975 mtaalamu wa Marekani, Vincent Tinto, alieleza kwamba mwanafunzi haachi chuo kwa sababu ya udhaifu wa akili au upungufu wa fedha peke yake. Inategemea pia kiasi anachopata mizizi katika masomo ya chuo na katika maisha ya watu wa chuo. Wataalamu waliomfuata wameisahihisha nadharia hiyo hapa na pale, lakini kiini chake hakijatupwa: mtu hubaki mahali anapojiona kuwa ni mmoja wa wenyeji.

Hata pasipo nadharia, mtazameni kijana anayetoka Kibondo kwenda Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Anashuka kwenye basi na sanduku lake. Anatakiwa aonyeshe vyeti halisi, ajue ada inalipwa vipi, apate kitanda, na ajue mahali na siku ya kutia sahihi ili apewe fedha za kujikimu, zile ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu, kutoka Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi Julai 2005. Juu ya hayo, atakaa katika ukumbi wa mamia ya watu, asikilize mhadhara kwa Kiingereza cha mtu asiyemjua, na kuona haya kuuliza. Akikosea jambo moja kati ya haya, huenda akalala na njaa; akikosea mawili, huenda akaanza kufikiri kwamba chuo si mahali pake.

Kasoro ya kuchagua wasemaji

Mara nyingi nafasi za kuwapokea wageni huwaendea wale wenye sauti kubwa, au marafiki wa walio madarakani. Matokeo yake huonekana katika ratiba. Asubuhi hotuba, mchana hotuba, jioni muziki. Mgeni huketi juu ya benchi akielezwa mambo kumi na maofisa kumi, na usiku hakumbuki hata moja. Mwalimu ye yote aliyefunzwa vizuri atatambua kwamba hapo hakuna somo: hakuna zana, hakuna zoezi, hakuna maswali, wala hakuna aliyejihakikishia kwamba jambo limeeleweka.

Tena, ratiba ya namna hiyo hunakiliwa mwaka hata mwaka bila kusomwa. Tangu mwaka 2021 stendi kuu ya mabasi ya mikoani jijini Dar es Salaam imekuwa Mbezi, si Ubungo tena. Mpangaji anayenakili karatasi ya zamani atawapeleka wapokeaji kituo kimoja, na wageni watashukia kingine.

Lakini lipo lililo baya zaidi ya uvivu. Katika shule nyingi za bweni mwanafunzi mgeni huitwa njuka. Hutumwa maji, hufulishwa nguo za wakubwa, na huamriwa aimbe mbele ya bweni zima ili achekwe. Aliyetendewa hivyo aweza kukua akidhani kwamba kumpokea mgeni ndiko kulipiza yaliyompata. Mtu wa fikira hizo akipewa beji na mamlaka juu ya vijana wasiomjua mtu, na hasa juu ya wasichana walio wageni wa mji, juma la mapokezi hugeuka juma la uonevu. Kinga ya kwanza dhidi ya hatari hiyo ni uchaguzi wenyewe. Sheria na adhabu huja baadaye, na pengine huja kwa kuchelewa.

Wazee wetu wa pwani walilifahamu jambo hili. Katika unyago yupo nyakanga, mkuu wa shughuli nzima, na yupo kungwi, anayekaa karibu na mwari na kumfunza. Kungwi hapewi kazi hiyo kwa sababu anacheza ngoma vizuri. Hupewa kwa kuwa ameyapitia, anayajua, na mwari aweza kumwuliza neno la siri bila hofu. Vyuo vyetu vina manyakanga wa kutosha. Wanaohitajiwa ni makungwi.

Njia tunayoipendekeza

Kwanza, tangazo litolewe muhula mmoja kabla, likae katika mbao zote za matangazo na kupelekwa katika simu za wanafunzi wote. Lieleze kazi ni ipi, ni siku ngapi, na mfanyaji atapata nini, iwe ni chakula, malazi au cheti. Kazi isiyotangazwa huwafikia marafiki tu.

Pili, wachaguliwe watu wa namna mbalimbali. Wawemo wanawake na wanaume. Awemo aliyetoka kijijini na aliyekulia mjini. Awemo anayetembea kwa magongo au asiyeona, maana yeye ndiye ajuaye ngazi ipi haipandiki. Awemo anayepanga chumba mitaani. Awemo aliyekuja chuoni akiwa mtu mzima mwenye watoto. Na zaidi ya wote, wawemo wengi wa mwaka wa pili ambao mwaka uliotangulia walipata taabu. Mtu aliyesahau taabu ya kuwa mgeni ni mwalimu hafifu wa wageni.

Tatu, mwombaji apimwe kwa tendo, asipimwe kwa hotuba. Apewe dakika kumi amwelekeze mtu asiyekijua chuo namna ya kufika maktaba na kuazima kitabu. Wapimaji waangalie: je, ameanza kwa kumwuliza mwenziwe anajua nini? Je, amefuata kanuni yetu ya kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana? Mwenziwe alipokosea njia, amecheka au amerudia kwa maneno mengine? Na alipoulizwa asilolijua, amebuni jibu, au amesema twende tukaulize? Dakika kumi hizo zitafichua mengi ambayo barua ya maombi haiyasemi.

Nne, waliochaguliwa wapange wao wenyewe. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba shule iwe jumuiya ambamo wanafunzi hushiriki kuamua mambo yao, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kujifunza kuamua. Chuo kikiwaita vijana wabebe viti na kugawa maji tu, huku ratiba imekwisha kupigwa chapa ofisini, kimepata vibarua, hakijapata viongozi. Wapewe fungu la fedha linalojulikana, wapewe siku walizo huru kuzipanga, na watoe hesabu mwishoni.

Tano, wafunzwe na wawekewe mipaka. Siku tatu za mafunzo si nyingi. Wajifunze kusikiliza, kutunza siri, na kumpeleka mgonjwa au mwenye majonzi kwa anayehusika. Waambiwe wazi kwamba hakuna ruhusa ya kupokea fedha ya mgeni, kumtuma, kumdhihaki, au kumtaka kimapenzi. Na mgeni naye aonyeshwe siku ya kwanza mahali pa kushtaki. Kila viongozi wawili wapewe wageni wasiozidi 20, ili waweze kuwajua kwa majina.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba chama cha wanafunzi tayari kina viongozi waliopigiwa kura, basi kuchagua wengine ni kuwadharau. Hatukubaliani nao. Kiongozi wa kura amepewa kazi ya kuwasemea wenzake, na kazi hiyo ina heshima yake. Aje awasalimu wageni na kuwaeleza haki zao. Lakini ni vigumu kwa mtu anayehitaji kura za wageni mwaka ujao kuwahudumia bila kujitangaza. Zaidi ya hayo, kuwasemea watu na kuwafundisha ni stadi mbili, na si kila aliye na moja anayo ya pili.

Wengine watasema kazi hii iachiwe ofisi ya mlezi wa wanafunzi, kwa kuwa vijana watafanya makosa. Ni kweli watafanya. Lakini ofisa hulala kwake, na hofu ya mgeni huja usiku, bwenini, taa zikizimwa. Saa hiyo aliye karibu ni mwanafunzi mwenziwe. Ofisi isimamie, ikague na kuongoza. Isijidai kuwa mahali pa mwenzi.

Kwetu sisi wa shule za msingi

Ndugu wanachuo, huenda wengi wenu msifanye kazi chuo kikuu kamwe. Hata hivyo kila mwezi wa Januari mtakuwa na juma lenu la mapokezi, watoto wa darasa la kwanza wanapoingia shuleni, baadhi yao wakilia na kushika kanga za mama zao. Ni mazoea kuwakabidhi watoto hao kwa viranja, na kiranja mara nyingi huchaguliwa kwa urefu, kwa ukali, au kwa kujua kupanga mistari. Jaribuni kipimo kingine. Mpeni mtoto wa darasa la tano kazi ya kumwonyesha mdogo bomba la maji na vyoo, kisha simameni mbali mtazame. Yupo atakayemkokota kwa mkono na yupo atakayeinama kumsikiliza. Wa pili ndiye mnayemtaka, hata kama sauti yake haisikiki gwaride zima.

Na katika vyuo vyetu vya ualimu kazi hii yaweza kuanza sasa. Tunawashauri wanachuo wa mwaka wa pili wakutane na wakufunzi wao kabla ya kundi jipya kuwasili, waandike kipimo cha kuwachagua wapokeaji, na kukibandika mahali ambapo kila mtu atakisoma. Katika juma la sita la masomo wawaite wageni wale na kuwauliza maswali mawili tu: ni jambo gani mlilohitaji kuambiwa na hamkuambiwa, na ni nani aliyewasaidia bila kutumwa? Jibu la swali la kwanza litatengeneza ratiba ya mwaka unaofuata. Majina yatakayotajwa katika la pili yaandikwe, na wenye majina hayo wawe wa kwanza kuombwa kuwapokea wageni wa mwaka huo.