Waliouza Bunge la Dublin

Wako watu wanaotuambia kwamba Bunge la Ireland liliuzwa kwa mara moja tu, mwaka 1800, Waingereza walipomwaga fedha na vyeo ili liunganishwe na lile la London. Sisi tunasema la! Bunge lile lilikuwa limekwisha kuuzwa rejareja miaka mingi kabla ya hapo, na madalali wake walikuwa wanasheria wa Serikali waliokaa ndani yake.

Tazameni ilivyokuwa. Mwakilishi wa Mfalme alikaa katika Ngome ya Dublin, naye hakuchaguliwa na mtu ye yote wa Ireland. Bungeni mlikuwa na viti 300, na Mkatoliki hakuruhusiwa kukalia hata kimoja, ingawa Wakatoliki ndio waliokuwa wengi katika nchi. Ili ipitishe mambo yake, Ngome ilihitaji watu wenye ulimi. Ikawatafuta miongoni mwa mawakili: Sajini wa Kwanza wa Sheria (sajini huyu si wa askari, ni wa mahakama), Mwanasheria Mkuu na msaidizi wake. Kwa jina, kazi yao ilikuwa kumshauri Mfalme juu ya sheria. Kazi yao hasa ilikuwa kusimama Bungeni kuitetea Serikali, na ujira waliotazamia ni kiti cha ujaji.

Anayebisha na amtazame Anthony Malone. Mwaka 1753 hazina ya Ireland ilikuwa na fedha za ziada, na Serikali ikataka ikubaliwe kwamba haziguswi mpaka Mfalme aridhie kwanza. Malone, aliyekuwa Sajini wa Kwanza, alisimama upande wa Bunge, na Bunge likashinda. Mwaka uliofuata akafukuzwa kazi. Vema! Lakini kumbe hasira ya wakubwa wale ilikuwa na bei. Mwaka 1756 Spika Henry Boyle, kiongozi wa upinzani ule, alipewa uerli na pensheni ya pauni 2,000 kwa mwaka. Mwaka 1757 Malone naye akarudishwa kazini, safari hii kwenye hazina ile ile. Na wananchi waliokuwa wakiwashangilia barabarani walipata nini? Hata ndururu hawakuiona.

Na John Hely-Hutchinson je? Alianza kwa kuipinga Serikali, akazibwa mdomo kwa Usajini wa Kwanza. Hakushiba. Akapata umeja katika jeshi la farasi, yeye mtu wa mahakamani! Mwaka 1774 akapewa ukuu wa Chuo cha Trinity, ingawa hakuwa kasisi. Mwaka 1777 akawa Katibu wa Serikali. Mwaka 1783 hata mkewe akapewa ubaroni.

Wanaomtetea husema kwamba hizo zilikuwa desturi za zama zile, kila mtu akifanya hivyo. Si kweli. Mwaka 1779 Walter Hussey Burgh, naye Sajini wa Kwanza, alidai Bungeni kwamba biashara ya Ireland ifunguliwe, akawaambia Waingereza kuwa sheria zao ni mbegu zilizoota watu wenye silaha. Kisha akajiuzulu. Mwaka 1780 London ilivilegeza vizuizi vile. Serikali ilipobadilika mwaka 1782 alirudishwa kazini, wala hatumlaumu.

John Fitzgibbon alichagua njia nyingine. Alikuwa Mwanasheria Mkuu tangu 1783. Mfalme alipougua, Bunge la Dublin likaelekea kwa mwana wa Mfalme, lakini yeye akashikamana na mawaziri wa London. Mwaka 1789 wakamfanya Lodi Chansela, mkubwa wa majaji wote wa Ireland, na hakuna aliyelisukuma Bunge lile kaburini kuliko yeye.

James Fitzgerald alikuwa Sajini wa Kwanza ulipoletwa mpango wa muungano. Akakataa kuutetea, na Januari 1799 akafukuzwa. Mawakili wa Dublin wakakutana wakamshukuru, wakakubaliana kwamba mahakamani waendelee kumpa nafasi yake ya mbele kama zamani. Fitzgibbon aliposikia, alighadhibika.