Mchimba Kisima Asipoingia Mwenyewe

Kila mwalimu aliyewahi kusimamia masomo ya jioni anakijua kisa hiki. Mwanafunzi ameinamia kitabu cha jiografia kwa bidii isiyo ya kawaida. Mwalimu akimsogelea, anakuta ndani yake kumefichwa riwaya ya upelelezi. Riwaya hutwaliwa na mwenyewe huadhibiwa. Mimi nasema tumemwadhibu mtoto kwa kosa la kusoma.

Yapo madai kwamba riwaya hizi hufunza uhalifu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani zipo ambazo bastola hulia kila ukurasa na mwanamke hana kazi ila kutongozwa au kuuawa. Lakini pumba zisitufanye tumwage mchele. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, aliwafunza wasomaji kupima ushahidi badala ya kutishwa na mizimu. Faraji Katalambulla na Ben Mtobwa wakaja baadaye na wapelelezi wao, na vijana wengi wakapenda kusoma Kiswahili kwa sababu yao.

Hata hivyo, iko aina nyingine ya hadithi hizi ambayo naiona inatufaa zaidi sisi wa Kericho na Bomet. Wafaransa waliipa jina la rangi: nyeusi. Katika visa vya Bwana Msa, fumbo likifumbuliwa mambo hutulia. Katika hadithi nyeusi, muuaji hujulikana, lakini dhuluma iliyomzaa hubaki imeketi kitini. Uwanja wake si jumba la fahari bali nyumba duni ya wasafiri. Mmarekani James M. Cain, mwaka 1934, aliweka mauaji yake katika mkahawa wa kando ya barabara, wenye kituo cha petroli na vibanda vya kulala wageni. Mwenzake Dashiell Hammett, katika Red Harvest ya mwaka 1929, alichora mji wa migodi uliokuwa karibu wote mali ya tajiri mmoja. Tajiri huyo aliwaita majambazi wavunje mgomo wa wafanyakazi, kisha majambazi wakautwaa mji.

Je, msomaji, mji huo u mbali nasi? Katika mashamba makubwa ya chai, anayekuajiri ndiye mwenye nyumba unayolala na zahanati unayotibiwa. Ukipoteza kazi, umepoteza na paa. Nazo lojingi tunazo. Fuata barabara ya kutoka Kericho kupitia Litein na Kapkatet hadi Kaplong, uone mabango yaliyopauka na madaftari ya wageni yenye majina ya uongo. Hapo dereva wa lori, karani wa kiwanda na mchumaji aliyeachishwa kazi na mashine hulala wakitenganishwa na ukuta wa mbao.

Visa navyo havihitaji kubuniwa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Mwezi Februari 2023, shirika la BBC lilitangaza kwamba wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho walisema walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mwezi Mei mwaka uo huo, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto. Habari hizi zilisomwa siku moja, na kesho yake gazeti likafungiwa nyama.

Sasa tazameni insha tunazozisahihisha. Tunampa mwanafunzi methali, "Mchimba kisima huingia mwenyewe," naye anajua kwamba akitaka alama ni lazima mwovu atumbukie kabla ya aya ya mwisho. Lakini mtoto aliyelelewa katika nyumba za wachumaji amekwisha kuona visima ambavyo aliyevichimba hakuvikaribia, wakaingia wengine. Tunamfunza kuandika asichokiamini, na kukinyamazia anachokijua.

Sisemi tufanye mchezo wa machozi ya akina mama wetu. Ndiyo maana mwandishi wa nchi ya chai asimfanye mwanamke kuwa maiti ya kuanzishia hadithi. Mpelelezi wetu na asiwe shujaa mwenye bastola kutoka Nairobi; na awe mhudumu wa lojingi, anayebadilisha shuka asubuhi na kujua ni nani aliyelia usiku.

Walimu wenzangu, rudisheni zile riwaya mlizozifungia kabatini. Kisha toeni methali ile ile, na mwaruhusu wanafunzi waeleze nani alichimba, nani aliingia, na nani alisimama pembeni akitazama. Atakayeandika ukweli huo kwa Kiswahili safi asinyimwe alama.